Picha Kwenye Usawa wa Macho

Tarehe 6 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Kile kifua cha mwezi uliopita kimeachia baada ya kumaliza dawa yote kama ulivyoniagiza, hata ile ya mwisho iliyokuwa chungu kama shubiri. Bibi anaendeleaje? Bado anakataa miwani na kudai kwamba ni herufi ndizo zimepungua siku hizi? Msalimie, umwambie soksi alizonifumia nazivaa kazini, maana sakafu yetu ni ya saruji na baridi yake hupanda mpaka magotini.

Huku tuko katika wiki ninayoipenda na kuichukia, wiki ya kubadilisha maonyesho. Michoro ya ndege imeshuka yote na kurudishwa kwenye makasha. Kila tundu la msumari nimeliziba, nikapiga msasa, kisha ukuta ukapakwa upya rangi nyeupe. Mpakaji rangi anasema ukuta huu umepakwa mara nyingi mno hadi chumba kimeanza kuwa chembamba. Nikamwambia chumba kiko vilevile, lililoongezeka ni tumbo lake.

Yanayoingia sasa ni picha za studio moja ya zamani ya mji huu. Mwenye studio alifariki, watoto wake wakakipa chuo kikuu chetu masanduku yote ya filamu, na picha zimesafishwa kwa ukubwa wa dirisha. Hakuna anayejua waliomo ni akina nani, ndiyo maana maonyesho yanaitwa “Sura Zisizo na Majina”. Chini ya kila picha kutakuwa na kadi na kalamu. Anayemtambua mtu ataandika, na kadi itabanwa kwa pini hapo hapo ukutani ili wengine wasome. Hilo ni wazo la msimamizi wetu wa maonyesho, ambaye sote tunamwita Daktari ingawa hajawahi kutibu hata mafua. Kazi yangu ni kupima na kutundika. Katikati ya picha lazima iwe usawa wa macho ya mtu mzima. Ukiipandisha zaidi ya hapo mtu anaitazama kama anayeomba radhi.

Sasa kaa chini, Shangazi. Kwenye kasha la tatu nimekukuta wewe.

Nilikujua kwa jinsi unavyoinamisha kichwa, kama unatia uzi kwenye sindano. Umevaa ile shali ya mistari iliyoko sandukuni, na umepakata mtoto mchanga. Pembeni yako ameketi mwanamume aliyevaa tai, mkono wake uko begani mwako. Wewe mkono wako wa kushoto umeuficha chini ya shali, nadhani uliona haya kwa vile vidole viwili visivyokunjika, ulivyoumizwa na mkanda wa cherehani. Ulikuwa mzuri sana. Hukuwahi kuniambia kwamba uliishi mji huu. Huyo bwana ni nani? Na mtoto ni mimi?

Ningepiga simu ya Fundi Cheche mchomelea mageti, lakini ulishasema habari za nyumbani zisipite kwenye sikio la jirani. Kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi kama kawaida. Maonyesho yatafunguliwa tarehe 28.

Mwanao,
Kipimo

Tarehe 15 Machi

Mwanangu Kipimo,

Marahaba. Barua yako ilifika Jumanne. Kondakta aliisahau kwenye kikapu cha vipuri, kwa hiyo inanuka grisi. Tuko salama. Bibi yako ameanguka kidogo jikoni lakini hakuumia, na anasema hakuanguka, aliamua kukaa. Sare za shule zimenijaa mezani mpaka sioni mkasi. Fundi Cheche ameniwekea geti jipya dukani bila kuombwa. Nilipomuuliza akasema lilibaki tu, kana kwamba mageti hubaki kama mkate.

Kuhusu ile picha. Itoe.

Usimwambie mtu kwamba unanijua. Usimwambie mtu mtoto yule ni nani. Na mimi usiniulize.

Gauni lako la bluu nimelipunguza kiunoni. Nitalituma likishapigwa pasi.

Shangazi yako

Tarehe 24 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Bibi ameamua kusimama. Gauni limefika na limenikaa vizuri, ahsante.

Nimesoma barua yako mara nyingi na sijauliza kitu, kama ulivyosema. Lakini kuitoa picha sikuweza. Orodha ilikuwa imekwisha kuchapwa, na kila picha ina namba. Ikipungua moja wanafunga milango na kutupekua sote hadi mifuko ya chakula.

Nikaamua kuificha mle mle ndani. Ilikuwa kwenye ukuta mkubwa, katikati ya picha nyingine kumi na tano. Nikaichukua asubuhi Daktari akiwa kwenye kikao, nikaipeleka kwenye kile kiukuta kidogo nyuma ya nguzo, karibu na njia ya kwenda vyooni. Hapo watu hupita wakiwa na haraka zao. Niliitundika peke yake, kwa sababu nafasi ni ya picha moja tu.

Shangazi, mimi ni mtundikaji wa miaka sita na nimefanya kosa la siku ya kwanza kazini. Picha ikiwa katikati ya wenzake macho huipita. Ukiitenga peke yake kwenye ukuta mweupe, unamwambia kila mtu: hii ndiyo yenyewe. Nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu, lakini hofu ilinifanya niwaze kama mtu anayeficha kitu chini ya godoro.

Daktari alitoka chooni akaiona. Akasimama mpaka maji ya mikono yakamkauka. Akaniambia, “Umeona mbali. Tazama huo mkono uliofichwa.” Akaagiza iwekewe taa yake pekee. Alasiri akaniambia hiyo ndiyo itakuwa kwenye bango.

Mabango yalibandikwa jana. Liko moja getini, moja maktaba kuu, na moja kwenye kituo cha mabasi. Leo asubuhi nimesubiri basi chini ya uso wako.

Nisamehe. Niambie walau niogope nini.

Mwanao,
Kipimo

Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Bibi mzima. Mvua imeingia dukani kupitia pale pale pa mwaka jana.

Nimekaa na barua yako siku mbili bila kuijibu. Jana nilishona mkono wa shati kinyume, na leo nimeushona tena kinyume. Mteja akacheka akasema, “Fundi, hili shati la mtu anayerudi nyuma?” Nami nikacheka.

Sina hasira nawe. Ungejuaje.

Nijibu haya. Je, watu wanaandika kwenye zile kadi? Je, amekuja mzee, si mrefu, nadhifu, mwenye sauti ya chini ambayo mtu hulazimika kumsogelea ili amsikie? Akija, usimsogelee. Usimwambie kwenu ni wapi. Ukiweza kuwa likizo, chukua likizo.

Zaidi ya hapo usitake. Kuna mambo nikiyaandika yatakuwa yamekuja kukaa humu ndani.

Shangazi yako

Tarehe 19 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichelewa sana. Basi liliharibika njiani, nimeipata jana tu. Mimi mzima wa mwili.

Amekuja. Alikuja kabla sijajua kwamba sipaswi kumsogelea.

Ilikuwa Alhamisi ya kwanza baada ya kufungua. Mzee nadhifu, viatu vinang’aa, kofia mkononi. Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Nikamwamkia kama ninavyomwamkia kila mzee.

“Marahaba, binti,” akasema, nami nikasogea ili nisikie. “Hii picha nani aliitundika hapa?”

“Mimi.”

“Umefanya vizuri. Zile nyingine zimesongamana kama darasa la kwanza.” Akanitazama. “Mtoto huyu sasa angekuwa na umri wako.”

Nilimwambia tunafunga. Akatabasamu. “Fungeni tu. Nitarudi. Mimi nina muda.”

Kumbe hapa anajulikana na kila mtu. Ni mwalimu mstaafu, na wote humwita Mwalimu. Alimfundisha Daktari shule ya msingi. Sasa anakuja kila Alhamisi, na Daktari mwenyewe amemwekea kiti mbele ya picha. Mama wa mapokezi humpa maji. Wiki ya pili aliandika kadi, kwa mwandiko kama wa kwenye ubao: “Huyu ni mke wangu mpendwa na mtoto wetu. Walipotea. Anayejua waliko, amhurumie mzee.”

Watu wakisoma wanatoa leso. Daktari anataka kuita gazeti ili familia iunganishwe.

Na juzi, mtu mwenye huruma ameandika kadi nyingine. Sikumwona. Imesema: “Mama huyu namjua, ni fundi cherehani,” kisha ikautaja mji wetu, na ikasema duka liko mkabala na stendi.

Kadi haziruhusiwi kutolewa. Mwanafunzi mmoja wa uzamili anazinakili kila jioni kwa ajili ya utafiti. Kwa hiyo nilifikiri kama mtundikaji. Kitu kikitengwa huonekana, kikisongamana hupotea. Nikaandika kadi saba za uongo na kuzibana kuizunguka ile. Ya kwanza inasema mama huyu alikuwa muuguzi na amefariki. Ya pili inasema alihamia ng’ambo. Nyingine ni za namna hiyo hiyo, miji mbalimbali, kazi mbalimbali. Nilibadilisha kalamu na nikabadilisha mwandiko. Sasa ile ya kweli ni moja tu kati ya nyingi.

Shangazi, sikutaka kuuliza, lakini nauliza. Mtu huyu ni baba yangu?

Kipimo

Tarehe 27 Aprili

Mwanangu Kipimo,

Marahaba. Sitaanza na habari za Bibi leo.

Si baba yako. Usitafute hadithi nyingine. Wewe ni mtoto wa mdogo wangu wa kiume, kama nilivyokuambia siku zote. Mama yako alifariki ukiwa na siku chache, baba yako akaenda kutafuta kazi na kifo kikamkuta huko. Hayo yote ni kweli. Nisichokuambia ni kwamba ulipoletwa kwangu nilikuwa nimeolewa.

Watu walinionea wivu. Mwalimu, kijana, hanywi, hapazi sauti. Hakunipiga mbele ya mtu hata siku moja. Nikienda kwa Bibi yako, alikuja kunichukua kwa upole, amebeba sukari, na kila jirani akasema nina bahati ya mtende. Tukifika nyumbani alifunga mlango, akavua viatu, akavipanga. Mpaka leo mtu akipanga viatu vyake vizuri mlangoni kwangu, mimi huvitawanya kwa mguu.

Asubuhi ya ile picha ulikuwa unalia kwa sababu ya tumbo. Alisema kelele zako zinamchosha, akakunyanyua kwa mkono mmoja. Nikakushika. Akanibana vidole kwenye mlango wa kabati, akausukuma polepole, akinitazama. Si mkanda wa cherehani. Kisha akaniambia nivae vizuri, tunakwenda kupiga picha ya kumtumia mama yake. Mpiga picha alisema, “Mama, tabasamu kidogo.” Nikatabasamu. Ndiyo hiyo mnayoitazama.

Usiku wake akasema jambo moja juu yako ambalo sitaliandika. Wiki iliyofuata, akiwa shuleni, niliondoka na wewe na cherehani ya mkono. Bibi yako akauza nyumba yake akanifuata. Tumehama mara nne kabla ya kufika hapa.

Alikuwa ameniahidi mapema. Aliniambia, “Ukiondoka nitakupata. Mimi nina muda.”

Maneno hayo hayo umeniandikia wewe. Nilipoyasoma nilifunga duka saa nne asubuhi. Nimefunga vitambaa kwenye marobota. Nimemaliza kuifunga cherehani kwa kamba. Nitakuandikia nikifika huko niendako, na sitakuandikia ni wapi.

Shangazi yako

Tarehe 10 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama barua hii itakukuta. Nimempa kondakta yule yule na kumsihi akupe mkononi, na usipokuwepo airudishe kwangu.

Alhamisi Mwalimu aliniita. “Binti, njoo nikuonyeshe kitu.” Mama wa mapokezi alikuwa hapo, nisingeweza kukataa. Alikuwa amesimama mbele ya kadi, mikono nyuma, kama anayezunguka katikati ya madawati.

“Miaka thelathini nimesahihisha madaftari,” akasema. “Mtoto akimfanyia mwenzake kazi ya nyumbani, nilikuwa nikijua kabla sijageuza ukurasa. Hizi saba zimeandikwa na mtu mmoja. Amejitahidi. Hapa amezilaza herufi, hapa amezisimamisha. Lakini kila mstari umenyooka kama umepigwa kwa rula. Ni mtu aliyezoea kupima.”

“Mimi sijui, Mwalimu.”

“Hujui, sawa. Ila jiulize. Kwa nini mtu ajisumbue kuandika uongo mara saba?” Akaweka kidole kwenye ile kadi ya kweli. “Kwa sababu ya nane si uongo.”

Nilitaka kuondoka. Akaniuliza kwetu ni wapi. Nikataja mji wa kwanza ulionijia, ambao sijawahi kuufika.

“Aa, kule kwenye mto,” akasema.

“Ndiyo.”

“Hakuna mto kule.” Hakukasirika. Alisema hivyo kama mwalimu anayemsaidia mtoto mzito. Kisha akatazama picha, akanitazama mimi. “Unainamisha kichwa kama yeye. Mtu hurithi hata asivyopewa.”

Mama wa mapokezi akacheka, akasema, “Mwalimu hajaacha kufundisha.” Akamletea maji.

Shangazi, nimekuumiza mara tatu. Nilikuandikia kwa furaha kuhusu picha, nikakutundika peke yako, kisha nikamchorea njia kwa kadi zangu mwenyewe. Kila nilipojaribu kukuficha nimekuonyesha. Chumbani kwangu nimeegemeza meza mlangoni. Nikisikia mtu anavua viatu ukumbini nazima taa.

Kama umehama, umefanya vyema. Maonyesho yanafungwa mwisho wa mwezi.

Kipimo

Tarehe 18 Mei

Mwanangu Kipimo,

Marahaba, tena marahaba. Barua imenikuta. Sikuhama.

Nilikuwa nimekwisha kufunga kila kitu, imebaki kumvalisha Bibi yako koti. Akaenda akakalia cherehani. Nikamwambia, “Mama, inuka, tunachelewa basi.” Unajua masikio yake, husikia anachokitaka. Safari hii alisikia. Akasema, “Mimi nimehama nyumba nne kwa ajili ya mwanamume mmoja ambaye hata hakunioa mimi. Ya tano aihame yeye.” Akaomba chai. Basi likaondoka.

Jioni Fundi Cheche akaja kuuliza kwa nini nimefunga duka wakati geti ni jipya. Unajua nina miaka kumi na miwili namjibu mtu yule kwa maneno mawili mawili. Sijui kilichonipata. Nikamweleza yote, tangu kabati. Nilikuwa nangoja aniulize nilimkosea nini mume wangu, maana ndilo swali ambalo limenifunga mdomo miaka yote. Alivua ile miwani yake nyeusi ya kuchomelea, akauliza, “Ni mrefu?”

Nikasema, “Si mrefu.”

“Basi,” akasema.

Kesho yake nikamwambia mama wa mboga. Kisha mkata tiketi wa stendi. Kisha wale akina mama wawili wa mitumba, ambao kuwaambia wao ni sawa na kutangaza kwa spika. Mama wa mboga alinitazama vidole, akasema wake ulikuwa mguu, akaendelea kupanga nyanya.

Mwanangu, umeandika kwamba kila ulipojaribu kunificha ulinionyesha. Nimelifikiri hilo sana. Yeye amepata nguvu kwa sababu mimi nimejificha. Kadi yake inasomwa kwa sababu yangu haipo.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi. Ibane chini ya yake, kwa pini, hapo hapo. Usibadilishe neno.

Na unitumie bango moja, lile kubwa la kituo cha mabasi.

Usinidhanie jasiri. Naandika haya mlango umefungwa kwa komeo mbili.

Shangazi yako

Tarehe 29 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mpe Bibi shikamoo mbili, moja ni ya lile koti.

Bango nililituma na basi la Jumatatu, nimeliviringisha ndani ya bomba la plastiki. Natumaini limefika kabla ya barua hii.

Kadi nimeibana. Nilisubiri Daktari awepo, nikamwambia inatoka kwa mwenyewe, na kwamba mwenyewe ndiye aliyenilea. Nilidhani nitafukuzwa kazi. Alisoma akiwa amesimama. Nakunukulia kama ilivyo, kwa sababu nataka ujue imesomwa neno kwa neno:

“Mwanamke huyu ni mimi. Mkono wangu wa kushoto uko chini ya shali kwa sababu asubuhi ya siku hiyo mwanamume unayemwona hapa alinivunja vidole viwili kwa mlango wa kabati. Mtoto si wake. Sikupotea. Niliondoka.”

Daktari aliutazama ule mkono wa kwenye picha. Akaniuliza, “Una hakika?” Nikamwambia nimekua nikivitazama vidole hivyo vikisukuma kitambaa. Akainama, akakinyanyua kile kiti alichomwekea Mwalimu, akakirudisha stoo mwenyewe. Habari za gazeti hakuzitaja tena. Kadi zangu saba nilikiri kwamba ni zangu. Alisema ziandikwe hivyo kwenye utafiti, na kwamba mtundikaji anayedanganya ukutani atapewa onyo la maandishi. Nimelipata. Ni haki.

Siku ya kwanza watu walisongamana hapo mpaka njia ya vyooni ikaziba. Mama wa mapokezi alisoma, akaenda kuosha ile bilauri ya Mwalimu, akaiosha muda mrefu.

Lakini sasa nisikilize. Jumatano alikuja, siku ambayo si yake. Mimi nilikuwa juu ya ngazi chumba cha pili. Alisoma kadi yako. Nyuma yake kulikuwa na wanafunzi wanne. Mmoja akamtazama yeye, akatazama picha, akamtazama tena yeye, maana uso haujabadilika sana, umekauka tu. Akamgusa mwenzake. Mwalimu akavaa kofia akatoka bila kuaga.

Alhamisi hakuja. Ndiyo Alhamisi pekee aliyokosa. Nimepita kituo cha mabasi. Mwenye kibanda cha maji ananiambia mzee mwenye viatu vinavyong’aa aliulizia basi la kuja kwenu.

Kesho tunashusha picha zote. Kwa rehema ya Mungu na kondakta, barua hii ifike kabla yake. Nipigie simu, hata kwa Fundi Cheche. Sijali sikio la nani.

Kipimo

Tarehe 6 Juni

Mwanangu Kipimo,

Marahaba. Najua ulipiga simu mara sita. Fundi Cheche alikuwa juu ya paa la watu, na simu alimwachia Bibi yako, ambaye alikuwa akiipokea na kuishikilia sikioni kimya kimya. Tuko wazima sote. Bibi anasema una sauti nzuri.

Barua yako ilikuja katika basi lile lile alilokuja yeye. Kondakta alikuwa anavuka barabara kuniletea, na yeye alikuwa anashuka ngazi nyuma yake.

Nilimwona kabla hajaniona. Mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani na ukakataa kusimama. Nilikuwa nashona kola, ikashonwa mpaka mwisho, kisha nikawa nashona hewa.

Alimwendea mkata tiketi. Akauliza kwa ile sauti yake, duka la fundi cherehani liko wapi. Yule kijana hasikii vizuri kwa sababu ya honi za mabasi. Akamjibu kwa sauti iliyofika hadi sokoni, “Duka lile pale, mzee. Lile lenye picha yako.”

Bango lilikuwa dirishani wiki nzima. Pembeni yake nilibandika maneno ya ile kadi, nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kukatia nguo. Kila asubiriaye basi hulisoma, maana hapa stendi hakuna kingine cha kusoma ila bei za nauli. Mkata tiketi aliposema vile, watu wote wakageuka. Hawakumtukana. Walimtazama tu, mama wa mboga na kisu chake cha kukatia mchicha, wale wa mitumba, dereva. Fundi Cheche alizima mashine yake, nami sijawahi kuisikia stendi ile ikiwa kimya.

Alivuka. Akasimama nje ya dirisha akasoma. Alisoma mpaka mwisho, nadhani alitafuta kosa. Kisha akanitazama kupitia kioo.

Akasema, “Umezeeka.”

Miaka yote hii nilitunga maneno ya kumwambia, usiku baada ya usiku, na yote yalinikimbia. Nikautoa mkono wa kushoto chini ya meza nikauweka juu ya kitambaa, vidole hivi nilivyo navyo. Nikauacha hapo.

Alirudi kwenye basi. Ilibidi angoje ndani mpaka lijae, na siku hiyo lilichelewa kujaa. Hakuna aliyekaa karibu naye. Sijui atafika wapi wala kama atarudi. Bado komeo ni mbili, na usiku nikisikia hatua naamka. Naogopa, mwanangu. Ila sasa naogopa nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Siku bango lilipofika, Fundi Cheche alikuwa ameitundika ile picha juu kabisa, karibu na dari, akasema ionekane mpaka barabara kuu. Nikamwambia hapana, iteremshe, mwanangu amesoma kazi hii, picha huwa usawa wa macho. Akauliza, “Macho ya nani?”

Nikamwonyesha kwa mkono. Nilikumbuka vizuri macho ya yule aliyekuwa mume wangu yalinifikia wapi.

Shangazi yako